Sahihi Sabini za Getini

Jumatatu, 4 Machi

Nilipostaafu ualimu niliapa kwamba kalamu nitaishika kwa orodha ya chumvi na sabuni tu. Leo nimevunja kiapo. Nina jambo rohoni na sina wa kumweleza, maana nyumba hii ina watu wawili na mmoja wao ndiye aliyeniudhi.

Tunaishi katikati ya msitu wa serikali. Hatukuvamia. Baba mkwe alikuwa na hati ya ekari zake thelathini kabla msitu haujawekewa mipaka, na siku ilipowekwa wakamzunguka wakamwacha ndani kama kiini cha yai. Yeye na wanawe wawili walichimba barabara ya kilomita nne kwa sururu na majembe mpaka barabara kuu. Mume wangu alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Mpaka leo kila mgeni lazima aonyeshwe kona aliyopasulia ukucha wa dole gumba.

Kwa barabara hiyo ndiyo tunaishi. Tuna ng'ombe tisa, na kila asubuhi madebe ya maziwa lazima yafike barabara kuu kabla ya saa moja, kwa sababu lori la maziwa halina shemeji wala mjomba. Leo tulipofika mwisho wa msitu tulikuta bomba la chuma limelazwa barabarani, limepakwa nyekundu na nyeupe. Mlinzi aliyevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi akaja na kitabu kikubwa cha jalada gumu. Juu ya ukurasa kimeandikwa: WANAOPITA KWA RUHUSA. Chini yake kuna tarehe, jina, gari, sababu, sahihi.

"Weka sahihi hapa mzee, halafu mnaenda zenu," alisema.

"Niweke sahihi ya nini? Natoka kwangu," akajibu mume wangu.

"Ndio utaratibu mpya, mzee wangu. Mimi nimetumwa tu."

"Baba yangu alipita hapa bila kalamu."

Akageuza gari tukarudi nyumbani. Ndama wamekunywa maziwa mpaka wakaharisha, na mimi sijasema naye tangu saa mbili asubuhi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Tulipokaribia geti nilimwambia mume wangu asimame mbali kidogo, nishuke nikamsalimie yule mlinzi, niongee naye kiutu uzima. Akasema haya, nenda kaongee.

Niliongea. Kisha nikachukua kalamu nikaandika jina la mume wangu, namba ya gari, sababu: kupeleka maziwa. Kwenye sahihi nikaiga ile yake ya benki, yenye mkia mrefu. Mlinzi akasema, "Mwalimu una mwandiko wa kuchapwa." Niliporudi garini mume wangu aliniuliza amesemaje. Nikamwambia amekubali, ni kijana mwelewa.

Maziwa yalifika. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Jumatano, 6 Machi

Nimesaini tena.

Jumatatu, 11 Machi

Kila siku ni hivyo hivyo. Nashuka na kanga kichwani kwa ajili ya mvua, nasalimia, nasaini, narudi. Mlinzi nimempa jina la Kofia. Anasema alirithi kofia hiyo kwa mjomba na hajawahi kuifua, asije akaosha na baraka zake. Nilicheka mpaka garini.

Shemeji yangu hapiti getini. Ni mdogo wake mume wangu, tunamwita Mbishi, anaishi upande wa pili wa malisho na mizinga yake ya nyuki. Yeye na asali yake wanapita kwa miguu, analizunguka bomba huku Kofia anamwangalia. Leo amekuja kuomba sukari akaniuliza, "Shemeji, kaka anasaini kile kitabu?"

"Kaka yako unamjua," nilimjibu.

"Basi vizuri. Kile kitabu sikipendi. Mtu hakuandikishi bure."

Nilimwambia kwamba yeye asichokipenda ni kuoga pia. Akaenda na sukari yake.

Jumanne, 19 Machi

Bwana Misitu mpya amekuja kututembelea. Nilitarajia mtu wa kufoka, nikakuta kijana wa adabu, amevua buti zenye tope mlangoni bila kuambiwa. Akanywa chai vikombe viwili. Akanieleza kwamba chini ya mizizi hii ndiko maji ya mji mzima yanakotoka, na kwamba wezi wa mbao wamekuwa wakipitisha magogo kwenye barabara yetu alfajiri. Nilimwamini, na bado namwamini, maana milio ya misumeno tumeisikia wenyewe.

"Ninyi si tatizo, mama," alisema. "Kitabu ni cha kumbukumbu tu. Nashukuru mnavyotupa ushirikiano."

Mume wangu alikuwa zizini, hakusikia neno ushirikiano. Nilimwongeza chai haraka.

Kabla ya kuondoka akauliza watoto wetu wako wapi, wanafanya kazi gani, kama yupo anayetarajia kurudi kufuga. Nikasema sidhani. Akasimama kwenye ngazi akiitazama nyumba kutoka paa mpaka msingi, kama fundi anayepima kazi kabla ya kutaja bei. Ningependa angekuwa mwanafunzi wangu. Lakini ule mtazamo wa mwisho umenikaa vibaya.

Jumapili, 24 Machi

Mvua, saini, maziwa, mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Wamepigilia vigingi vyekundu kandokando ya barabara. Mume wangu alivihesabu kwa sauti tukiwa tunaendesha, vikafika arobaini na mbili. Nilimuuliza Kofia ni vya nini. Akasema haambiwi. Zamani alikuwa akiniambia hata mambo ambayo sikumuuliza.

Jumatano, 10 Aprili

Sasa kuna mtaro. Umechimbwa upande wa kushoto kuanzia kona ya ukucha, mpana kuliko mtaro wa maji unavyohitaji kuwa. Barabara imebaki upana wa gari moja na woga wa dereva. Mume wangu anashika usukani kwa mikono miwili.

Kofia leo alinishikilia kalamu kidogo kabla ya kunipa. "Mwalimu," akasema, akitazama chini, "mzee mwenyewe hawezi kushuka hata siku moja?"

"Miguu inamsumbua," nikasema.

Uongo wa pili huo. Wa kwanza ulikuwa peke yake, sasa umepata mwenzake. Nilipoingia garini mume wangu alikuwa anatazama mbele, vifuta maji vya kioo vinakwenda na kurudi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mti umelala barabarani. Mume wangu alisema ni upepo, nami nilitaka kukubali, lakini shina lilikuwa limekatwa sawasawa na unga wa mbao bado ulikuwa mweupe juu ya tope. Mbishi alikuja na shoka lake. Yeye na kaka yake walikata tangu saa kumi na mbili hadi adhuhuri, watu wawili wenye miaka sitini na zaidi, wamelowa, hawasemezani, kila mmoja na upande wake wa gogo. Hatukufika getini. Maziwa yameharibika.

Jioni Bwana Misitu akapiga simu kutupa pole. Anasema ni wezi wa mbao. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mti.

Jumamosi, 27 Aprili

Mbishi amekuja tena. Hakuomba sukari. Alikaa kwenye stuli ya jikoni akaninong'oneza kwamba amemwona kwa macho yake mtu akipiga picha kurasa za kile kitabu, moja moja, ndani ya kibanda cha mlinzi.

"Shemeji, mle ndani kuna jina la kaka?"

Nilikuwa napepeta mchele. Nikaendelea kupepeta.

"Njia ya mwongo fupi, shemeji," akasema. Kwa miaka thelathini nimemwona kama mtu aliyezaliwa ili apinge. Leo nilitamani aniulize mara ya pili, lakini akainuka akaenda kwa nyuki wake.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua haijakata siku tisa. Nimesaini. Mkono unaiga ile sahihi vizuri kuliko mwenyewe.

Jumatano, 15 Mei

Leo Kofia hakutoka na kitabu. Aliinua bomba tu, akatupungia kama mtu anayefukuza kuku. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari, mguu mmoja nje.

"Vipi, leo humsalimii?" aliuliza mume wangu.

Nikarudisha mguu ndani. Njia nzima nilijiuliza kwa nini hawakihitaji tena kitabu chao, na jibu likawa linatungoja nyumbani, limebandikwa mlangoni ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe. Ni barua ya ofisi ya misitu. Inasema kuanzia mwezi ujao barabara itafungwa kwa magari yote ili msitu upumzike, na kwamba "ruhusa ya kupita mliyokuwa mkiiomba na kupewa imefikia mwisho."

Mume wangu aliisoma amesimama. Kisha akaisoma amekaa.

"Ruhusa gani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, imepangika, kiima na kiarifu. Nikasema, "Ni lugha ya ofisi tu. Wanaandikaga hivyo hivyo."

Aliikunja barua akaitia mfukoni mwa shati. Nimekaa nimehesabu. Tangu tarehe tano Machi mpaka jana, ukitoa ile siku ya mti, ni mara sabini.

Jumatatu, 20 Mei

Tumeenda kwa wakili mjini. Ofisi yake iko juu ya duka la vipuri, kwa hiyo haki inanukia grisi. Ni mama wa makamo, anaandika huku anakusikiliza, halafu anaacha kuandika unapodanganya. Alimuuliza mume wangu maswali, akaanza kuchangamka.

"Miaka hamsini na kitu, gari linapita mchana kweupe, na hamkumwomba mtu. Mzee, hiyo sasa ni haki yenu. Njia inayopitwa muda wote huo bila kuombwa haifungwi kwa barua. Ila mtu akiomba ruhusa akapewa, amekiri kwamba njia si yake, na aliyempa anaweza kumnyang'anya. Mmewahi kuomba?"

"Kamwe," akasema mume wangu.

Wakili akanitazama mimi. Nilitazama kalenda ya ukutani. Nikaona kalamu yake imesimama.

Jumanne, 28 Mei

Nilimwambia mume wangu nakwenda kupima presha, nikaenda kwa wakili peke yangu. Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na nilitaka anigombeze.

Amezuia barabara isifungwe mpaka kesi isikilizwe mbele ya baraza la ardhi, tarehe kumi na mbili. Ofisi ya misitu italeta kitabu kama ushahidi. "Kuna mlango mmoja tu, mama," alisema. "Mzee aseme sahihi hizo si zake na hakumtuma mtu. Akisema hivyo, hakuomba ruhusa, na njia inabaki yake."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umeandika sahihi ya mtu mwingine kwenye kitabu cha serikali mara sabini. Hilo ni kosa la jinai. Watakushitaki, sikufichi. Kifungo au la, ni hakimu. Ila mwambie mzee kabla hajaonyeshwa kitabu mbele za watu."

Nilifundisha watoto miaka thelathini na minne wasinakili kazi ya mwenzao.

Jumamosi, 1 Juni

Sijamwambia.

Jumatatu, 3 Juni

Nilianza kumwambia tukiwa tunakamua. Nikasema, "Baba Watoto, kuna jambo." Akaacha kukamua akaningoja. Alingoja muda mrefu, mpaka ng'ombe akageuza kichwa. Nikasema yule mwenye baka anaonekana kama ana joto. Akamshika sikio akasema hana, akaendelea.

Jumapili, 9 Juni

Mvua imepungua. Watu wa misitu wameleta minyororo na kuirundika kando ya geti, mbele ya macho yetu, kama kesi imeshaisha. Mume wangu anakula kijiko kimoja kimoja. Wakili ameshauri gari tuliegeshe nje ya msitu hadi hukumu, ili likifungiwa lisibaki ndani. Amekataa. Anasema gari lake linalala kwake. Namwogopea. Mtu huyu nje ya zile ekari hajui hata atalala upande gani wa kitanda.

Nimeamua. Siku ya kesi, kabla hajaulizwa, nitasimama niseme mwenyewe.

Jumatano, 12 Juni

Naandika mezani, bado nimevaa viatu vya mjini.

Chumba cha baraza ni kidogo, kina feni isiyozunguka na mabenchi ya shule. Mwenyekiti ni mama mwenye miwani ya kamba. Bwana Misitu alitoa ushahidi wake vizuri, bila kutia chumvi. Alisema wakazi wale ni watu wema, tangu mwezi wa tatu wamekuwa wakiomba ruhusa kila asubuhi na kupewa. Akaweka kitabu mezani. Kofia alikuwa nyuma yake, kofia mkononi. Ni mara yangu ya kwanza kumwona kichwa wazi. Ana upara, na hakuninyanyulia macho.

"Mzee, sogea utazame," akasema mwenyekiti.

Mume wangu akavaa miwani yake. Akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, akasoma polepole kwa kidole, akafungua wa pili. Hakuruka hata mmoja. Nilijua anaona nini: jina lake, na ule mkia mrefu ambao mwezi wa tano nilianza kuupamba kwa sababu ya kuchoka. Wakili aliinama kwangu akaninong'oneza, "Hukumwambia?" Nikatikisa kichwa.

Nikasimama. Nilisema, "Mheshimiwa mwenyekiti," na sauti ikatoka ile ile ya darasani.

"Kaa chini, Mama Watoto," akasema mume wangu, bila kugeuka.

"Nina la kusema."

"Ngoja, naulizwa mimi kwanza."

Mwenyekiti akanionyesha benchi kwa kidole. Nikakaa. Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja kuambiwa.

"Mzee, sahihi hizi ni zako?"

Wakili alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mume wangu alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Ni zangu."

"Zote?"

"Zote sabini."

Wakili akashusha kichwa. Mwenyekiti hakuchukua hata nusu saa. Kwa kuwa mlalamikaji amekiri kwamba alikuwa akiomba ruhusa, njia ya magari ni ya ofisi ya misitu, nayo ina uhuru wa kuifunga. Mdogo wake, ambaye jina lake halimo kitabuni, aendelee kupita kwa miguu kama alivyozoea. Mbishi alikuwa benchi la nyuma. Aliyeshinda ni yeye peke yake, na ndiye pekee aliyelia.

Tulifika kilomita ya pili ndani ya msitu ndipo ikanigonga. Hakuna aliyetaja sabini mbele yake. Bwana Misitu alisema kila asubuhi, wakili aliitaja kwangu tu, siku ile nilipokwenda peke yangu. Na kurasa zile zilikuwa na majina ya watu wengine wengi, mtu hawezi kuhesabu kwa kupitisha kidole mara moja.

"Ulijua," nikasema.

Akapunguza mwendo kwenye mtaro.

"Ukifuta mvuke kwenye kioo cha mbele, geti lote linaonekana," akasema. "Siku ya kwanza nilikuona umeinama na kalamu. Kesho yake nikaacha kioo kijae mvuke. Lakini hesabu nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza, ungenijibu. Ungenijibu, ingebidi nigeuze gari. Na maziwa yalikuwa nyuma, na ng'ombe walikuwa wanangoja kukamuliwa tena kesho." Akakata kona kwanza. "Nilimruhusu mke wangu aniombee njia ya baba yangu, halafu mimi nikakaa ndani ya gari nikiwa mtu wa msimamo. Leo ningekutupa kwa polisi ili nibaki na msimamo?"

Nilisema ningekubali kwenda. Akasema anajua, ndiyo maana aliniambia nikae.

Nilimchukia kidogo, nikajichukia zaidi, na chini ya hayo yote nilimpenda kuliko siku niliyoolewa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kingeweza kutufungulia geti.

Ijumaa, 14 Juni

Wamefunga minyororo leo saa tisa alasiri. Wiki ijayo atakuja mnunuzi kuwaswaga ng'ombe kwa miguu. Ameahidi kutowatenganisha, na tumejifanya tunamwamini.

Jumamosi, 15 Juni

Jua, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Mume wangu aliamka saa kumi na nusu kama kawaida. Tulikamua. Akapakia madebe yote nyuma ya gari, akayafunga kwa kamba, akakagua kamba mara mbili. Akawasha injini ipate moto, akakaa kwenye usukani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kanga yangu, nimwite au nimwache, sikujua. Mwishowe nikaenda nikafungua mlango wa upande wangu nikaketi.

Saa ya kwenye gari ilifika kumi na mbili na nusu, ikafika kumi na mbili na dakika hamsini. Ilipofika saa moja na dakika tano, wakati lori lazima liwe limeshaondoka, alizima injini, akatoa ufunguo akanipa mimi niushike. Kisha akasema chai itakuwa imepoa, tukashuka.